Fundi wa Nyuzi za Ubongo

Fundi alikaa miaka kumi na tano bila kumsalimia Profesa, na walikuwa wakifanya kazi jengo moja, ghorofa moja, milango yao inatazamana. Asubuhi Profesa akipita ukumbini na kutoa salamu, sisi wanafunzi sote tunaitikia, Fundi anajifunga vifungo vya koti lake jeupe. Siku moja nilimuuliza kama haogopi dhambi, maana kuitikia salamu ni wajibu.

"Naitikia kimoyomoyo," akasema. "Malaika wanasikia. Yeye si lazima asikie."

Alikuwa fundi wa chumba cha kupasulia maiti katika chuo tulichosomea udaktari hapa Maskati. Si mwalimu, kwa karatasi. Hakuwa na ruhusa ya kufundisha wala ya kusahihisha mtihani. Kazi yake ilikuwa kupokea miili iliyoletwa kutoka nje, kuihifadhi kwa dawa, kutayarisha kila kiungo tutakachosoma, na kuosha meza tukishaondoka. Lakini muulize daktari yeyote wa rika langu ni nani aliyemfundisha ubongo. Atatazama pembeni kidogo, kisha atakwambia: yule mama.

Alikuwa mtu wa Unguja kama wazee wangu. Kiarabu chake kilikuwa cha kazini, Kiswahili chake cha nyumbani, na akikasirika vyote viwili vilitoka pamoja. Ujana wake aliusomea Ulaya, katika mji wa baridi ambao hakupenda kuutaja, kwa bwana mmoja mzee aliyemfundisha kazi moja tu: kuzifuata nyuzi za ubongo kwa mkono.

Kazi hiyo nitaieleza, maana bila yake huwezi kumjua.

Ubongo ukiukata kwa kisu unaona rangi mbili: kijivu nje, cheupe ndani. Cheupe kile kinaonekana kama jibini, kitu kimoja kisicho na njia. Kumbe chote ni nyuzi, mamilioni kwa mamilioni, zimelala mafungu mafungu, kila fungu linatoka mahali linakwenda mahali. Kisu hakizionyeshi, kinazikata tu. Fundi alikuwa anauloweka ubongo kwenye dawa miezi kadhaa, anauosha kwa maji, anautia kwenye friza zaidi ya wiki, kisha anautoa na kuuacha uyeyuke taratibu. Maji yakiganda hutanuka. Barafu inapenya katikati ya nyuzi na kuzitenganisha. Hapo ndipo anapokaa juu ya kigoda chake, akachukua kijiti, akaanza kuchambua, uzi kwa uzi, kama mtu anayechambua nyama ya kaa.

Vijiti vyake alivitengeneza mwenyewe, kwa chelewa. Kila mtu wake akija kutoka Unguja alimletea fagio jipya, na Fundi alilifungua, akachagua chelewa nzuri, akazinoa ncha ziwe bapa. Chuo kilimnunulia vyombo vya chuma vya bei kubwa. Alivipanga kabatini na hakuvigusa.

"Chuma hakina huruma," alisema. "Kinapita popote. Chelewa ikikutana na uzi uliolala njia nyingine, inakwambia."

Alikuwa mpole kwa maiti kuliko mtu yeyote niliyemuona. Kabla hajafunua sinia alisema bismillahi, na akimaliza aliufunika ubongo kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mwanafunzi akicheka karibu na meza, anatolewa nje siku hiyo na kesho yake. "Huyu alikuwa na mama," alisema. "Kumbukumbu za mama yake zilikuwa humu, nnapogusa hapa." Chumba chote kilinuka dawa, lakini yeye alinuka udi, alijifukiza kila alfajiri.

Kwa walio hai upole ule uliisha. Nyumbani kwake Sib, jirani wa ghorofa ya juu alikuwa na kiyoyozi kilichodondosha maji juu ya kamba yake ya nguo. Alimwambia mara moja tu, kwa heshima. Jirani hakufanya kitu. Fundi akategesha ndoo. Kila siku aliyamimina maji yale kwenye chupa, akafunga vizibo, akaweka. Ilipofika Idi, wageni wa jirani walikuta ngazi nzima, kutoka chini hadi mlangoni, imepangwa chupa, na juu ya chupa ya mwisho karatasi: "Amana yako, nimekutunzia." Kiyoyozi kilitengenezwa kabla ya Idi ya pili. Alitusimulia kisa hicho huku akichambua ubongo, mkono wake hautikisiki hata kidogo, na akamalizia: "Mwenye kovu usidhani kapoa."

Hata historia ya fani yake aliisimulia kama orodha ya watu waliodhulumiwa. Alitueleza juu ya wale wa mwanzo kabisa huko Ulaya waliotaka kujua cheupe kile kina nini. Wapo waliouchemsha ubongo kwenye mafuta ili ukazane. Wapo walioutia kwenye pombe kali, wakaukwaruza kwa mpini wa kisu. Wakaona kwamba cheupe kina mkondo, kama mbao ilivyo na mkondo wake. Sisi tulitaka majina ya wanavyuoni hao kwa ajili ya mtihani. Yeye alitaka tujue nani aliyechota maji, nani aliyeshika taa, nani aliyechora.

"Picha mnazozisifu," alisema, "hakuchora yule ambaye jina lake liko chini. Mkono ni wa mtu, jina ni la mtu mwengine. Tangu siku ya kwanza ya elimu hii."

Tulidhani anasema juu ya watu wa kale.

Kisa chake mwenyewe alinihadithia mwaka wangu wa tatu, adhuhuri moja wenzangu walipokwenda kula. Nilikuwa nimebaki kwa sababu nilipenda. Alikuwa amenipa kijiti na kuniruhusu kuchambua, jambo ambalo hakumruhusia mtu, na nilikuwa nimelifuata fungu moja kutoka mbele ya ubongo hadi linapopinda upande wa sikio, bila kulikata. Alilitazama muda mrefu.

"Una mkono," akasema. Kisha akafungua droo, akatoa kitabu cha Profesa.

Sote tulikuwa na kitabu hicho, ndicho tulichosomea. Picha arobaini na mbili za nyuzi za ubongo, safi, kila fungu na herufi yake na mshale wake. Jina la Profesa lilikuwa juu ya jalada kwa dhahabu.

"Miaka minne," alisema Fundi. "Bongo ishirini na sita. Kila picha humu nimeichambua miye, herufi nimebandika miye. Yeye alikuwa anakuja Alkhamisi, anatazama, anasema vizuri, anakwenda zake. Haya, soma hapa."

Ulikuwa ukurasa wa shukrani. Profesa alikishukuru chuo, alimshukuru mkewe, alimshukuru mpiga picha kwa jina lake na la baba yake. Mwisho aliwashukuru "wafanyakazi wa maabara."

"Wafanyakazi wa maabara nilikuwa miye peke yangu," akasema. "Kaniandika kwa wingi ili nisionekane."

Nilimuuliza kwa nini hakulalamika. Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kifupi kama mtu anayepiga chafya. "Nilalamike kwa nani? Kwa yeye? Subiri. Ubongo ukiuharakisha unakuwa uji. Na hili vivyo hivyo."

Naomba niseme wazi kwamba nilimpenda. Na Profesa nilimchukia kwa niaba yake, kwa hamu ile ya kijana anayepewa adui tayari tayari. Nilikuwa nikimuona ukumbini na kanzu yake nyeupe na kofia yake nzuri, mtu wetu sisi sisi, anaongea Kiswahili, anaulizia wazee wangu, nami namjibu kwa kukata. Nilijiona mwanajeshi wa Fundi.

Mtihani wa mdomo wa mwaka ule ulifanyika chumbani mle mle. Profesa kakaa mezani na mwalimu mwengine. Mwanafunzi anaingia peke yake, na Fundi anasimama pembeni kashika sinia lenye ubongo uliochambuliwa na pini nyekundu imechomwa mahali. Unaulizwa: hii ni nini?

Pini yangu ilikuwa mahali pembamba, upande wa ubongo, ambapo mafungu mawili yanabanana kama watu mlangoni. Moja ni fupi, linapinda, tuliliita ndoana. Jengine ni refu, linakwenda mpaka nyuma kabisa. Pale mlangoni yanafanana, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Lakini mimi nilikuwa nimeyafuata kwa chelewa, moja baada ya jengine, na nilijua: ndoana hukaa mbele, refu hukaa nyuma yake. Pini ilikuwa mbele.

"Ndoana," nikasema.

Profesa akatabasamu, akafungua kitabu chake, akanigeuzia. Katika picha ile herufi zilisema kinyume: la mbele ndilo refu, la nyuma ndilo ndoana.

"Tazama tena," akasema.

"Nimetazama, Profesa. Kitabu kimekosea."

Yule mwalimu mwengine akaacha kuandika. Profesa hakukasirika mara moja. Alihama kutoka Kiingereza cha mtihani akaja kwenye Kiswahili, kwa sauti ya mjomba. "Mwanangu, kitabu hiki nimekiandika mimi. Ubongo huu nimeuchambua kwa mkono wangu."

Mimi nikasema, "Si kwa mkono wako." 

Nilimgeukia Fundi. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyechoma pini ile, ndiye aliyeniwekea kijiti mkononi, na alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba nimesema kweli. Nilimngojea. Alikuwa akilitazama sinia, kalishika kwa mikono miwili, na kope zake hazikuinuka. Profesa alimtazama pia, na nadhani kwa nukta moja aliogopa. Fundi akalirudisha sinia mezani.

Nilifelishwa. Karatasi ilisema nimeshindwa somo na nimekosa adabu mbele ya watahini, yote mawili kweli kwa namna yake. Nikarudia mwaka mzima.

Baba yangu alikuwa karani wa wizara Al Khuwair. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote wa ofisi yake, mpaka mlinzi wa mlango, mwaka na mwezi ambao binti yake atakuwa daktari. Nilipomwambia kuwa nimeongezewa mwaka alisema, "Si kitu, tutangoja," akaenda kuwasahihishia mmoja mmoja. Alifariki kwa moyo miezi minne kabla ya mahafali yangu. Ningelipita ule mtihani, angeniona. Angekaa mstari wa mbele miezi minane kabla ya kufa kwake. Hesabu hii nimeipiga mara nyingi na haijawahi kutoa jibu jengine.

Fundi alikuja msibani. Alikaa siku tatu kwetu, analala chini na wanawake wa nyumba, anaosha masufuria, anapika wali wa watu mia, hataki kusaidiwa. Mama yangu mpaka leo anamuombea dua. Mimi wakati ule nilijieleza kwamba siku ya mtihani aliogopa kufukuzwa kazi, mwanamke mjane, na nikamsamehe bila yeye kuomba. Nilidhani kitabu kilikosewa na mchapaji.

Miaka ikapita, nikawa daktari wa mishipa ya fahamu. Kukafanyika mkutano wa madaktari katika hoteli kubwa karibu na Bustan, na katika mkutano huo Profesa angetoa hotuba juu ya njia za ubongo, kwani kitabu chake kilikuwa kinataka kuchapwa upya nje. Nilikwenda. Nilishangaa kumkuta Fundi kakaa safu ya nyuma, kavaa abaya mpya, kajitia manukato, mkoba mapajani. Nikakaa kando yake.

Profesa alionyesha picha zake kwenye ukuta mkubwa. Walipofika kwenye maswali alisimama mgeni mmoja, mama mzee wa Kizungu mwenye mkongojo, akaomba picha fulani irudishwe. Ilikuwa ile ya mtihani wangu. Akasema kwa upole kwamba anadhani herufi mbili zimebadilishana, na kwamba yeyote aliyewahi kulichambua fungu hilo kwa mkono wake angeona papo hapo. Je, Profesa mwenyewe hakuona?

Nilihisi bega la Fundi limekakamaa.

Profesa aliitazama picha. Kisha akacheka kidogo, akasema kwamba herufi zilibandikwa na fundi wake wa maabara, na akalitaja jina la Fundi, lote, mbele ya watu wote wale. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutajwa pamoja na kitabu kile, nalo lilitajwa kama kosa.

Fundi alisimama. Hakungoja kipaza sauti.

"Ni kweli," akasema. "Picha hiyo ni yangu, na kosa ni langu. Sasa nna suali moja kwa Profesa. Kama hiyo ni yangu, hizo arobaini na moja zilizobaki ni za nani?"

Profesa alisema "bila shaka," akasema "kazi ya pamoja," akachukua bilauri ya maji. Yule mgeni mwenye mkongojo aligeuka nyuma kumtazama Fundi, na watu wote wakageuka naye. Hakuna aliyemtazama Profesa tena. Kitabu hakikuchapwa upya, na yeye akastaafu kabla ya mwaka kwisha.

Tulipokuwa tunatoka tulimkuta nje, kasimama peke yake akingoja gari lake. Fundi alimwendea mpaka karibu.

"Masalkheri, Profesa," akasema. "Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo?"

Nililipenda jambo lile. Niliingia garini nacheka peke yangu, nikaichukua barabara kuu kurudi mjini. Nilikuwa nimefika Al Khuwair, magari yamesimama, nikitazama madirisha ya wizara ya baba yangu, ndipo neno lake liliponirudia: kosa ni langu. Fundi hakuwa mtu wa kukosea herufi. Mkono ule haukuwahi kukosea uzi mmoja katika bongo ishirini na sita. Magari ya nyuma yalinipigia honi, na mimi sikuweza kuondoa mguu kwenye breki.

Sikumtembelea tena. Miaka tisa. Alinipigia simu kila Idi, sikupokea.

Mwaka huu wanafunzi wa zamani wa chuo tumeombwa kila mmoja aandike juu ya mtu mmoja aliyemfundisha, ili kikusanywe kitabu. Mpwa wa Fundi, mtoto wa dada yake, alisikia, akanipigia. "Khaloo anakwita," akasema. "Anasema uje angali anajua nani ni nani."

Nilikwenda Sib baada ya alasiri. Nilimkuta kakaa kitini karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomuacha. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mapajani, yote miwili, bila kupumzika. Mpwa alileta kahawa na halwa, akatuacha.

"Umekuja kuniuliza," akasema. "Uliza."

"Zile herufi."

"Nilizibadilisha miye. Kwa makusudi. Siku ya mwisho kabla hazijakwenda kupigwa picha, baada ya kusikia kuwa jina langu halimo." Alisema kama mtu anayetaja kiasi cha chumvi. "Nilitaka siku moja aulizwe na mtu anayejua. Aliyechambua angeona. Yeye asingeona, na hakuona."

"Na siku yangu ya mtihani?"

Aligeukia dirisha.

"Pini zote nilichoma miye, ya kukuuliza kaichagua yeye," akasema. "Sikujua kama ataichagua ile. Ulipojibu, moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa vile umejua. Kisha nikaona kinachokuja."

"Ungesema neno moja, Bibi."

"Ningesema, angesahihisha. Chumbani mle mle, mbele ya watu watatu. Angenishukuru, akakichapa upya kitabu kikiwa safi, na miye ningekuwa nimempa na ile moja iliyobaki kuwa yangu. Nilikuwa nimengoja miaka mitano, mwanangu."

"Baba yangu alikufa akingoja mahafali yangu."

"Najua. Nilimpikia khitma yake." Macho yake yalijaa, na hakuyafuta. "Unadhani zile sufuria nilikuwa naosha nini?"

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Alinyoosha mkono wake ule unaotetemeka, akaushika wangu. "Nisamehe," akasema. "Duniani na akhera."

"Ya akhera nimekusamehe," nikasema. "Ya duniani bado."

Alitikisa kichwa taratibu. "Haki yako," akasema. Hakunisihi. Yeye mwenyewe asingemsamehe mtu kwa machozi tu.

Tukanywa kahawa. Kisha akaulizia kitabu, na nikaona sauti yake imebadilika, imekuwa ya mtu mwenye haya. Je, nimeshamchagua nitakayemwandika? Nikamwambia nimemchagua yeye.

"Basi liandike jina langu kama lilivyo," akasema. "Lote. Watu wanalikosea."

Alinipa kalamu. Alinifanya niliandike mbele yake: lake, la baba yake, la babu yake, na la kabila. Akavaa miwani, akaishikilia karatasi kwa mikono yote miwili ili isitikisike, akalisoma herufi moja moja, midomo inacheza. Nilimuona mtu mzee amefurahi. Akanirudishia.

"Sahihi kabisa," akasema.

Nikaubusu mkono wake, nikatoka. Karatasi ile iko mezani, kando ya hizi ninazoandika. Nimelisoma jina lake mara nyingi wiki hii, na ni jina zuri. Kila mahali lilipotakiwa kukaa, nimeandika Fundi.